'Mwenyewe anajua': Virginie Kunda na siri za wachuma uyoga wa Lubumbashi

Saa moja asubuhi, maji bado yanachuruzika kutoka kwenye mabati ya soko dogo la Kampemba. Virginie Kunda amechuchumaa mbele ya beseni la uyoga, mwavuli ameubana kwapani, simu mkono mmoja, uyoga wa rangi ya chungwa mkono wa pili. Anaugeuza chini juu, anakagua mikunjo yake, kisha anaupeleka puani bila haraka yoyote.

"Ma Virginie, utamaliza kunusa lini?" anauliza mwenye beseni, Mama Mutale, mjane wa makamo ambaye sauti yake inasikika hadi kwa wauza mkaa. "Pua yako itakula bowa yote mbele ba-client bafike."

"Ngoja kidogo, mama. Hii ya leo iko na harufu ya tunda. Ya juma ilipita haikukuwa nayo."

"Ni juu mvua ilikawia. Andika vile."

Virginie anaandika vile. Bowa ni uyoga, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na sokoni hapa yeye ni "mama wa bowa" ingawa hajawahi kuuza hata kibakuli kimoja. Kwenye mkataba wake wa kazi ameitwa mwekaji data. Jina hilo halipendi, kwa sababu linamfanya aonekane kama mtu anayebonyeza vitufe huku akipiga miayo.

"Mimi napanga maarifa ya bamama," anasema, na hana haya ya kujisifu. "Mutu akiniuliza kazi, namuambia vile. Asipoelewa, naanza mwanzo, na niko na wakati."

Ana miaka thelathini na sita, mume mmoja mwenye mizaha, watoto wawili, na meza ya mbao ghorofani katikati ya mji, juu ya duka la kutoa fotokopi. Hapo kuna kompyuta mbili na betri kubwa ya kuzikinga umeme unapokatika, jambo linalotokea mara nyingi kuliko Virginie anavyopenda kuzungumzia. Rafu za nyuma yake zimejaa uyoga uliokaushwa ndani ya bahasha za karatasi. Ukiingia, unasikia harufu ya msitu kabla hujasikia ya wino.

Kinachotunzwa ndani ya kompyuta hizo kinaitwa hifadhidata ya XML. Wengi husikia jina hilo na kutamani kubadilisha mazungumzo. Virginie hawapi nafasi hiyo.

"Fikiria beseni," anaeleza. "Mu beseni kubwa unatia beseni ndogo, na mu ile ndogo unatia ingine. Kila moja unaibandika jina yake: hii ni bowa, ndani yake kuko majina, ndani ya majina kuko jina ya Kibemba, jina ya Kiluba. Kama bowa iko na majina saba, unatia beseni saba. Kama iko na moja, unatia moja. Haikukatali."

Ndiyo tofauti na jedwali la kawaida, lenye safu na nguzo zinazotaka kila kitu kilingane. Uyoga wa Katanga haulingani. Mmoja una jina moja na hauna hadithi, mwingine una majina chungu nzima, namna tatu za kupikwa, na maelezo marefu ya bibi aliyeupika vibaya siku ya ubarikio. Katika faili za Virginie vyote hivyo vinakaa, kila kipande kikiwa kimefunguliwa kwa lebo na kufungwa kwa lebo.

Na faili ileile huulizwa maswali tofauti na watu wasiofahamiana. Mtaalamu wa lugha huomba majina, aone neno limesafiri vipi kutoka Kipushi hadi Kampemba. Daktari huomba dalili za waliokula uyoga mbaya, tena huomba akiwa na mgonjwa kitandani. Mtafiti wa lishe huomba mapishi. Profesa Paulin Kalaba, mtaalamu wa mimea aliyeanzisha kazi hii, huomba miti, maana uyoga mwingi wa misitu ya miombo hukaa na mti wake kama mke na mume.

"Siku moja walikuja watatu asubuhi moja," Virginie anakumbuka, akitabasamu hadi meno ya nyuma yanaonekana. "Kila mumoja aliuliza yake, na kila mumoja alitoka na jibu. Nilinunua soda. Nilijinunulia mwenyewe."

Kazi hii hakuitafuta. Baba yake, mzee Donat, alikuja Lubumbashi kutoka Kabalo akiwa mfanyakazi wa reli kama baba yake kabla yake, na alitaka binti yake akae benki. Virginie alisoma kompyuta miaka mitatu. Benki haikumwita, akaishia chini ya ngazi hizihizi anazozipanda sasa, akiwachapia wanafunzi tasnifu zao kwa malipo ya ukurasa.

Kati ya waliomletea karatasi alikuwa Profesa Paulin. Virginie alichapa sura nzima ya uyoga, kisha akamuuliza kwa nini kabansa, uyoga mmoja tu, anatajwa mara tatu kama vitu vitatu. Profesa alicheka, akavuta kiti. Kabla mvua za mwaka huo hazijaisha alikuwa amemfundisha lebo, na Virginie akawa ameihamishia meza yake ghorofani.

Mzee Donat hakufurahi upesi. "Nilikusomesha uandike bowa?" aliuliza. Siku hizi, baada ya misa, husimama uani mwa kanisa akiwaeleza wenzake kwamba binti yake anafanya kazi na madaktari. Mshahara ni dola mia mbili na hamsini kwa mwezi, nao huchelewa pale wafadhili wanapochelewa. Hilo mzee halitaji.

Kazi haikuanza vizuri. Msimu wa kwanza Virginie alizunguka masokoni akiwauliza akina mama: uyoga huu umechuma wapi? Wote walimjibu, tena kwa upole: barabara ya Kipushi, kilomita ya kumi na mbili. Akaandika. Kompyuta ilikuwa imewekewa kanuni ya kukataa faili yoyote isiyo na mahali, kwa hiyo kila jibu lilipokelewa kwa furaha.

Mwisho wa msimu walichora ramani. Badala ya vidoti kutawanyika pande zote za mji, ilitokea nukta moja, nene, nyeusi, kilomita ya kumi na mbili. Walikwenda kuiona. Walikuta uwanja wa kufyatulia matofali ya saruji, hata nyasi hazioti.

Profesa alishika kiuno. Virginie alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kidogo. Kwa kweli, anakiri, moyoni alikuwa amejua tangu jibu la nne au la tano.

"Lakini mama muzima akikuambia kintu, utamuuliza mara ya pili? Ni sawa na kumuita mubongo, muntu anayedanganya, mbele ya bantu. Mi nimelelewa. Nikaandika na nikasema asante."

Wala wale akina mama hawakuwa na nia mbaya. Mchuma uyoga wa huku hataji mahali pake. Alipaonyeshwa na mama yake, naye atamwonyesha bintiye, basi. Msituni wana adabu zao: ukimkaribia mwenzio yuko kazini, unakohoa ukiwa bado mbali, halafu unatazama pembeni mpaka afunike beseni lake. Kukuta mahali pa mtu kwa bahati si kosa, kosa ni kupaona.

Virginie alirudi ghorofani akiwa na ombi moja, nalo alilishikilia kwa wiki kadhaa mpaka Profesa akalainika. Alitaka kanuni ibadilishwe. Kwenye lebo ya mahali, faili ikubali jina la mahali, au ikubali "haijulikani", au ikubali jibu la tatu: "mwenyewe anajua".

"Mambo mawili haya si sawa," anasema, na hapa hatabasamu. "Haijulikani, ni kusema hakuna anayejua. Mwenyewe anajua, ni kusema kuko muntu, na ule muntu amekataa, na iko haki yake. Mashine ilikuwa haina nafasi ya haki yake. Tukaitengeneza."

Badala ya kuuliza wapi, alianza kuuliza kukoje. Mti gani uko juu? Kuna kichuguu? Udongo ni mwekundu au mweusi? Maua gani? Akina mama, walipoona hakuna anayewanyang'anya, walifunguka. Mama Mutale ndiye aliyefunguka kuliko wote, na msimu wa tatu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: alimchukua Virginie hadi mahali pake.

Ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kusini mwa mji, kisha ng'ambo ya kijito, chini ya miputu, miti mikubwa ya miombo. Mama Mutale alipaonyeshwa na mama yake, marehemu Mukuka, mchuma uyoga wa ukoo ulioishi maeneo hayo kabla ya mji kuota. Kabla ya kuvuka maji alimgeukia Virginie.

"Macho yako ione," alimwambia. "Mukono yako isiandike."

Mkono haukuandika. Kwenye faili za siku ile kuna muputu, kuna udongo wa mfinyanzi, kuna maua madogo ya zambarau ukingoni mwa kijito. Mahali: mwenyewe anajua. Mwenyewe: Mutale.

Mambo yalikuja kugeuka Februari iliyopita. Deborah, mkemia wa udongo anayetumia maabara ya jirani, alikuwa na swali lake kwa hifadhidata. Yale maua ya zambarau hupenda ardhi yenye shaba. Akaiomba kompyuta imletee kila uyoga uliochumwa karibu nayo, akachukua bahasha zake rafuni, akapima.

Mwingi ulikuwa salama. Mafungu matatu hayakuwa salama. Yalikuwa na madini mazito kupita kiasi kinachofaa kuliwa, hasa na watoto, na yote matatu yalitoka kwa mwenyewe mmoja.

"Nilikuwa nimeketi pale," Virginie anasema, akionyesha kiti kando ya dirisha. "Deborah alisoma, na mimi nilikuwa naona kijito. Nilikumbuka juu kwa mlima, mbali, kuko rundo ya mawe ya zamani ya mugodi, hakuna anayekumbuka ni ya nani. Mvua inaiosha, maji inashuka. Nikajua mbele amalize."

Profesa Paulin hakumlazimisha. Alimuuliza mara moja tu kama angeweza kuwaambia ni wapi, ili watu waonywe. Virginie akasema alitoa neno lake. Profesa akasema neno ni lake na mzigo ni wake, ila asikawie, kwa kuwa uyoga haukawii. Virginie humshukuru hadi leo kwa kutomuuliza mara ya pili.

Hapo ndipo roho ilipomkaa juu. Akipataja, amemsaliti mama aliyemwamini, na hakuna mwanamke wa Kampemba atakayefunua beseni mbele yake tena. Asipopataja, watoto wa watu wataendelea kula. Mumewe Dédé, ambaye hata kwenye msiba hutafuta la kuchekesha, jioni hiyo aliacha mizaha. Alimmenyea viazi akaondoka jikoni.

Virginie hakwenda kwa Profesa, alikwenda kwa mwenye mahali. Alisubiri Mama Mutale auze beseni zima, wenzake wakafunga vitu vyao, ndipo akachuchumaa na kumweleza, polepole, hakuruka kitu.

Mama Mutale alikunja kitenge cha kufunikia uyoga, akakikunjua, akakikunja tena.

"Pale nilionyeshwa na mama," alisema. "Sasa weye unasema mama alinionyesha sumu?"

"Hapana, mama. Wakati yake maji ilikuwa muzuri. Alikuonyesha mahali ya muzuri. Ni maji njo ilibadilika."

Mama Mutale aliinuka, akajitwika beseni tupu, akaenda zake bila kuaga. Kesho yake hakuja sokoni. Alipokuja tena alikuja na mihogo, akakaa na mgongo kwa njia, na Virginie alipopita hakuna aliyemtania. Wauzaji wengine waliyafunika mabeseni yao wakimwona. Hakuna aliyemtukana, lakini anasema heri wangemtukana.

"Nililia ku bureau, pale ku meza yangu," anasema bila kuficha. "Kila siku naandika bowa ya zamani, ya msimu zingine. Nikafikiri, basi, imeisha. Nitarudi chini kuchapia banafunzi mémoire yabo."

Kisha asubuhi moja alisikia hatua nzito ngazini. Mama Mutale, ambaye hakuwahi kukanyaga ghorofa ile, alisimama mlangoni amevaa kitenge cha Jumapili na kilemba kipya, akitweta. Alikataa kiti. Aliangalia rafu, bahasha, kompyuta, akamwangalia Profesa na Deborah waliosimama ghafla kama wanafunzi, mwishowe akamtazama Virginie.

Alieleza kwamba tangu aache kwenda kule, ameona alama za miguu ng'ambo ya kijito. Wasichana wawili, wageni wa mtaa. Walikuta mahali patupu, hakuna wa kumkoholea, wakadhani wamepata bahati.

"Nilinyamaza juu ni mahali yangu," alisema. "Lakini kama ni mahali yangu, basi na ubaya yake ni yangu. Siwezi kuacha batoto ya bantu bachume kifo kwa mama yangu. Keti, Virginie. Andika."

Virginie alikaa. Mama Mutale alitaja njia yote: unapoacha barabara, kichuguu kilichopasuka, kivuko cha mawe, miputu. Kompyuta ikauliza jina la mahali, na mahali penyewe hapakuwa na jina, maana hakuna aliyewahi kulitamka.

"Weka Kwa Mukuka," alisema. "Na uandike yeye njo alipaona wa kwanza, na wakati yake maji ilikuwa muzuri. Ile uandike sana."

Imeandikwa. Ina lebo yake, kati ya lebo ya aliyepagundua na lebo ya onyo, na haiwezi kufutika bila faili nzima kukataliwa. Virginie mwenyewe aliitia kanuni hiyo jioni ile. Huyo ndiye Virginie: ukimpa neno, analiwekea kufuli.

Deborah alichora ramani upya. Onyo lilisomwa masokoni na baada ya misa, kwa Kiswahili na Kibemba, na aliyelisoma soko la Kampemba kwa sauti ileile inayofika kwa wauza mkaa alikuwa Mama Mutale. Ripoti ya Deborah na Profesa, inayoandaliwa sasa, itawataja Mukuka na Mutale kwa majina pamoja na watafiti. Virginie alisema hatasahihisha hata koma moja vinginevyo.

Lakini muuza uyoga asiye na mahali hula nini? Swali hilo lilimnyima Virginie raha kuliko vyote. Jibu halikutoka ghorofani. Lilitoka kwa Marie-Thérèse, mwanamke mkimya anayeuza uyoga beseni la pili kutoka kwa Mama Mutale, na ambaye kwa miaka yote hiyo aligombania naye wateja bila huruma.

Novemba hii, mvua zilipoanza, Marie-Thérèse alikuwa akifunga vitu vyake. Alisema, bila kumtazama mtu: "Kesho naenda asubuhi sana. Kama muntu ananifuata, mi sitageuka nyuma."

Hakuwa ametaja mahali. Adabu ya msitu ilibaki nzima. Mama Mutale alimfuata kwa mbali, na mwenzake hakugeuka, wala hakuna aliyekohoa.

Beseni la leo, lenye harufu ya tunda, limetoka huko. Deborah ameshapima fungu la kwanza na kulikuta safi. Wateja wameanza kusogea, kibakuli ni faranga elfu mbili, na Mama Mutale anapima kwa mkono mkarimu kuliko zamani.

Virginie ana mipango, na ukimpa nafasi atakueleza yote. Anataka msimu ujao kila soko liwe na simu moja ambayo akina mama wenyewe wataiuliza, wasingoje daktari wala profesa: ukitaja mti, udongo na maua, ikujibu kama pana shaka. Anataka kuingiza vinkubala, viwavi vinavyoliwa huku, kisha mizizi ya dawa. Zaidi ya yote anataka siku moja mtafiti wa nchi ya mbali afungue faili, akute "mwenyewe anajua", na badala ya kukasirika atambue kwamba amebisha hodi kwa mtu.

Lakini kwanza faili ya leo ifungwe. Virginie anasoma kwa sauti juu ya simu, Mama Mutale akisikiliza huku anahesabu vibakuli kwa macho. Mti: muputu. Udongo: mwekundu. Harufu: tunda.

"Mahali, mwenyewe anajua," anamalizia Virginie. "Mwenyewe, Mutale."

Mama Mutale anatikisa kichwa. Anaelekeza kidevu beseni la pili, ambako Marie-Thérèse amejifanya ana kazi nyingi.

"Ulisema beseni yako haikatali," anasema. "Ongeza na huyu."

Virginie anafungua lebo nyingine chini ya ile ya kwanza, anaandika Marie-Thérèse, anaifunga. Faili inakubali.